Mizani ya Kumbukumbu

Neno kumbukumbu limebebeshwa mizigo mingi katika Kiswahili, kwa kuwa mkutano huwekewa kumbukumbu na katibu wake, marehemu hufanyiwa kumbukumbu na jamaa zake, na kitabu cha tano cha Musa, ambamo sheria iliyokwisha kutolewa husomwa upya mbele ya watu walio ukingoni mwa safari yao, waliokitafsiri walikiita Kumbukumbu la Torati. Mzigo wa karibuni zaidi ni ule wa kompyuta, ambayo nayo husemwa kuwa ina kumbukumbu, ilhali kitu kinachotajwa kwa jina hilo, yaani ramu, husahau yote mara umeme unapokatika. Mafundi huitofautisha na diski, ambayo hutunza faili hata mashine ikizimwa mwaka mzima. Ramu inafanana zaidi na ule ubao wa chuo cha Kurani ulioandikwa aya ya leo, ambao kesho utaoshwa ili uandikwe nyingine.

Ramu ya kompyuta za leo inatokana na wazo ambalo Robert Dennard wa kampuni ya IBM alipewa hataza yake mwaka 1968, nalo ni kuiweka kila biti, yaani kila moja ya zile sifuri na moja ambazo kwazo kompyuta huandika kila kitu, ndani ya kapasita moja ndogo inayofunguliwa na kufungwa na transista moja. Kapasita ni mfano wa kikombe cha chaji za umeme, ambacho kikiwa kimejaa husomwa kwa namna moja na kikiwa kitupu husomwa kwa namna nyingine. Lakini kikombe hicho kinavuja, na kwa sababu kinavuja hubidi kisomwe na kujazwa upya kila baada ya milisekunde 64 au pungufu, muda usiofika hata sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Zaidi ya hayo, kusoma kwenyewe humwaga kilichosomwa, kwa hiyo kila kinachochotwa lazima kirudishwe papo hapo. Aliyehifadhi Kurani anaielewa hali hii bila kufundishwa uhandisi, kwa kuwa anajua kuwa juzuu isiyofanyiwa murajaa, yaani marudio, huanza kupotea aya kwa aya, na kwa maana hiyo jina la kumbukumbu, ambalo mwanzoni linaonekana kuipendelea ramu isivyostahili, linaistahili kweli: kinachobaki ndani yake kinabaki kwa sababu kinarudiwa.

Moduli moja ya ramu, yaani kile kibao chembamba chenye chipu kadhaa kinachochomekwa kwenye sloti ya ubao mama, ikiwa na ujazo wa gigabaiti 16 ina vikombe vya namna hiyo zaidi ya bilioni 137. Moduli iliyokufa kabisa haina fumbo, maana kompyuta haiwaki, kioo hubaki cheusi, na ubao mama hupiga mlio au huwasha kitaa kidogo kuonyesha mahali penye tatizo. Anayesumbua ni mgonjwa anayetembea. Kikombe kimoja kati ya hivyo bilioni 137 kikianza kuvuja haraka kuliko muda uliokadiriwa, hakuna taa inayowaka wala mlio unaosikika. Leo kivinjari kinajifunga chenyewe, kesho skrini ya buluu inatokea ikitaja kosa hili, keshokutwa inataja lile, na faili iliyobanwa inakataa kufunguka kisha inakubali mara ya pili bila kuguswa na mtu. Kosa la programu kwa kawaida hurudi palepale kila ipitiwapo njia ile ile, lakini kosa la ramu huhama, na kuhama kwake kunahadaa, kwa kuwa kilichoharibika hakikuhama hata kidogo. Nyumba ni ile ile yenye paa bovu. Wapangaji ndio wanaobadilika, na anayelalamika ni yule aliyelala chini ya tundu usiku wa mvua.

Kwa mtu aliyeiunda kompyuta yake mwenyewe, akanunua ubao mama hapa, prosesa pale na ramu kwa muuzaji wa tatu, fumbo hili lina uchungu wake wa pekee, kwa sababu hakuna mwenye duka mmoja anayeweza kuulizwa, na kila sehemu ina wakili wa kuisingizia nyingine. Mtu huyo huanza kwa kuutuhumu mfumo endeshi, ausakinishe upya. Kisha huituhumu kadi ya picha, kisha diski, kisha mikono yake mwenyewe iliyozikaza skrubu. Ramu huja mwisho katika orodha ya watuhumiwa, ingawa kila shahidi mwingine katika kesi hiyo anazungumza kupitia kinywa chake. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Programu inayotoa taarifa ya hitilafu imekaa ndani ya ramu, taarifa yenyewe imeandikwa ndani ya ramu, na hata hesabu ya kuthibitisha kuwa faili ni salama hufanyiwa humo humo.

Kwamba ujuzi peke yake haumkingi mtu na udanganyifu huo, kulidhihirika mwezi Oktoba 2022, pale kompyuta ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, ilipoanza kuangusha programu ovyo wakati akipokea mabadiliko ya toleo la 6.1 la kiini cha mfumo huo. Mtu ambaye pengine hakuna aliyemzidi kwa kukijua kiini hicho alipoteza muda akiamini kuwa kosa limo katika kiini kipya. Alipowasha kiini cha zamani na matatizo yakabaki, ndipo akaipima ramu usiku kucha, na moduli moja iliyokuwa imefanya kazi kwa miaka miwili na nusu bila lawama ikaonekana kuwa mbovu. Ikambidi aendelee na kazi kwa kompyuta mpakato. Tukio hilo lina kejeli yake, kwa kuwa mwanzoni mwa mwaka 2021 Torvalds huyo huyo alikuwa ameilaumu hadharani biashara ya prosesa kwa kuifanya ramu inayojisahihisha kuwa bidhaa ya wateja maalumu, na kompyuta iliyomwangusha haikuwa na ramu ya aina hiyo.

Ili kuelewa nini kilichokosekana, msaada unaweza kutafutwa mahali ambapo wahandisi hawakutazamia, yaani katika ushairi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya mwanzo huishia kwa kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi utenzi uishe. Mnakili wa zamani, aliyenukuu beti mamia kwa hati za Kiarabu, ambamo nukta moja ikikaa chini ya jino la herufi huifanya be na ikikaa juu huifanya nuni, alikuwa na kila nafasi ya kukosea, na alikosea. Lakini msomaji aliyemfuata alisikia mara moja palipopungua silabi au palipovunjika kina, hata kama hakuwahi kuiona nakala ya kwanza. Mizani na vina vilitungwa kwa ajili ya utamu, na havikuacha kufanya kazi ya ulinzi kwa sababu hiyo. Ulinzi huo una mipaka yake: mnakili akibadili neno la silabi mbili kwa jingine la silabi mbili katikati ya kipande, sikio halitasema kitu. Hata hivyo nathari haina hata ulinzi huo mdogo, na katibu akiandika elfu tisa badala ya elfu sita, kumbukumbu za mkutano zitasomwa, zitathibitishwa na zitatiwa saini bila mtu kushtuka.

Ramu ya kawaida ya nyumbani ni nathari. Huandikwa na kusomwa bila kuambatanishwa na chochote ambacho kwacho msomaji angetambua kuwa nukta imehama, na kwa hiyo kazi ya kuichunguza ni kazi ya kuipelekea mizani kutoka nje. Programu za vipimo hazina siri nyingine. Memtest86, ambayo Chris Brady aliianzisha mwaka 1994, na Memtest86+ iliyozaliwa kutokana nayo, huwashwa kutoka kwenye flashi kabla mfumo endeshi haujaamka, maana mfumo ukiwa macho huwa umeshika sehemu ya ramu ambayo haiwezi kupimwa ikiwa na mwenyewe. Kisha programu huandika kitu inachokijua, hukisoma, na kulinganisha. Huandika sifuri tupu, halafu moja tupu. Hupanda kutoka anwani ya chini hadi ya juu ikigeuza kila biti kuwa kinyume chake, kisha hushuka ikifanya hivyo hivyo, ili kikombe kinachoathiriwa na jirani yake kifichuke. Na katika jaribio mojawapo huandika, hukaa kimya kwa dakika kadhaa, ndipo hurudi kuuliza kama kilichowekwa amana bado kipo. Palipo na tofauti, huonyesha anwani ya mahali hapo, kilichoandikwa, kilichosomwa, na biti zilizogeuka.

Matokeo yake husomwa kwa kanuni isiyo na usawa, ambayo wengi huikosea kwa kuwa wamezoea mitihani ya asilimia. Kosa moja, moja tu katika mabilioni ya maswali, linatosha kuonyesha kuwa mashine hiyo, kwa mpangilio iliyopimwa nao, haiaminiki. Bali usiku mzima bila kosa haumtakasi mtuhumiwa kwa ukamilifu, maana yako makosa yanayojitokeza joto likipanda mchana, au kadi ya picha inapovuta umeme mwingi, au kwa mfuatano wa maandishi ambao jaribio halikuubahatisha. Biti zenyewe nazo zinasema jambo. Ikiwa anwani ni moja na biti ni moja kila mara, kikombe kimoja kimekufa; ikiwa anwani zimetawanyika lakini biti inayogeuka ni ile ile, njia ya kuipitisha biti hiyo, pengine mguso mmoja kati ya miguso 288 iliyo ukingoni mwa moduli ya DDR4, kizazi kimojawapo cha ramu, ndiyo ya kutazamwa; na makosa yakimiminika kila mahali kwa biti za kila namna, busara ni kuacha kuitazama moduli kwa muda na kutazama kasi inayoendeshwa nayo.

Kasi ni jambo ambalo muuzaji hulitaja kwa herufi kubwa na kulieleza kwa herufi ndogo. Moduli ya DDR4 iliyoandikwa 3600, yaani mihamisho milioni 3,600 ya data kwa sekunde, kwa kawaida haijaahidiwa kasi hiyo na kanuni za tasnia zinazotambuliwa na wote, ambazo huishia 3200 kwa volti 1.2, bali imeahidiwa na mtengenezaji wake kwa sharti kwamba mwenye kompyuta atawasha mpangilio maalumu katika ubao mama, ambao mara nyingi huongeza umeme hadi volti 1.35, na kwa sharti jingine lisilotajwa sana, kwamba kidhibiti cha ramu kilichomo ndani ya prosesa kitaweza kwenda mwendo huo. Prosesa mbili za jina moja hazilingani katika uwezo huo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mchunguzi mwadilifu ni kuurudisha mpangilio katika kasi ya kawaida na kupima tena, na makosa yakitoweka, moduli haijathibitishwa kuwa mbovu. Imethibitishwa tu kuwa watatu hao, yaani moduli, ubao na prosesa, hawakupatana kwa masharti yale.

Makosa yakibaki, ndipo kesi inapoingia katika hatua yake ya subira. Moduli zote hutolewa isipokuwa moja, ambayo huwekwa katika sloti inayopendekezwa na kitabu cha ubao mama, kwa kawaida ya pili kutoka kwenye prosesa, ikapimwa. Kisha huondolewa, ikawekwa ya pili katika sloti ile ile. Kisha iliyoshindwa huhamishiwa katika sloti nyingine. Kosa likimfuata mhamaji, mbovu ni moduli. Likibaki mahali na kumkuta kila anayekuja, mbovu ni sloti au kitu kilicho nyuma yake. Na kila moduli ikifaulu peke yake lakini zikashindwa zikiwa pamoja, kama inavyotokea sana pale seti mbili zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti zinapochanganywa, hakuna mbovu hata mmoja, ila mzigo wa pamoja umemshinda kidhibiti. Sharti lenyewe ni dogo kulitamka na gumu kulitimiza: kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtu aliyechoka saa sita za usiku atahamisha moduli, atashusha kasi na kufuta vumbi kwa pamoja, na kompyuta ikipona hatajua ni tiba ipi iliyoponya, wala ugonjwa ukirudi hatakuwa na pa kuanzia.

Katika hatua hii huponyoka wakosaji wawili wasiotazamiwa. Wa kwanza ni uchafu, kwa kuwa mguso wa dhahabu ulioshikwa kwa vidole vyenye jasho, au uliokaa miaka katika hewa ya chumvi, unaweza kuleta makosa yanayotoweka kwa kuchomoa na kuchomeka tu; fundi wa mtaani husugua hapo kwa kifutio cha penseli na mara nyingi hufaulu, ingawa kitambaa laini kilicholoweshwa spiriti kingeihurumia zaidi dhahabu ambayo si nene. Wa pili ni soketi ya prosesa. Kidhibiti cha ramu kimo ndani ya prosesa tangu miaka mingi sasa, na pini moja iliyopinda chini yake, au kipoza joto kilichokazwa upande mmoja kuliko mwingine, huweza kuipoteza njia nzima ya ramu huku moduli zote zikiwa nzima. Wengi wamenunua ramu mpya kuponya pini.

Yako pia makosa ambayo hayana mbovu. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel walionyesha kuwa chembe za alfa, zinazotoka katika mabaki madogo mno ya madini ya urani na thori yaliyomo katika vifungashio vya chipu, ziliweza kugeuza biti bila kuiharibu chipu yenyewe. Miale inayotoka angani nayo huweza kufanya hivyo. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Mei 2003 nchini Ubelgiji, mgombea mmoja wa Schaerbeek, jijini Brussels, alihesabiwa na mashine kura 4,096 zaidi ya alizopewa, idadi inayolingana barabara na biti moja kugeuka kutoka sifuri kuwa moja, na waliochunguza hawakupata kosa katika programu. Kosa hilo liligunduliwa kwa sababu kura zake zilizidi kiasi kilichowezekana kwa orodha ya chama chake. Yaani, uchaguzi ulikuwa na mizani. Biti iliyogeuka ingekuwa ile ya kura nne, huenda hakuna ambaye angejua.

Hata hivyo ni kosa kuisingizia mbingu kila kitu, na mwenye kompyuta inayoanguka kila wiki hana haki ya kuitaja miale ya angani. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na wenzake wawili wa Google, alichapisha matokeo ya kuzifuatilia seva za kampuni hiyo kwa miaka miwili na nusu, yakaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 8 ya moduli hupatwa na kosa katika mwaka, kuwa moduli iliyokwisha kukosea ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena, na kuwa ishara zilielekea kwenye ubovu wa kudumu kuliko ajali za kupita. La kuzingatiwa ni kwamba takwimu hizo zilipatikana kwa sababu seva hizo zilikuwa na ramu inayojihesabu. Kompyuta za nyumbani hazina hesabu kama hiyo, kwa kuwa hazina chombo cha kuhesabia.

Chombo hicho ni cha zamani kuliko ramu ya leo yenyewe. Richard Hamming wa maabara za Bell, aliyechoshwa na mashine iliyotambua kosa mwishoni mwa juma, ikaitupa kazi yake na kuendelea na ya mwingine, alijiuliza kwa nini mashine inayojua kuwa imekosea isijue pia ilipokosea, na mwaka 1950 akachapisha njia ya kuziongezea biti za ujumbe biti chache za ulinzi, zilizopangwa ili kuvunjika kwao kuonyeshe mahali hasa penye kosa. Katika ramu ya seva ya DDR4, kila biti 64 huandamana na biti 8 za namna hiyo, ambazo husahihisha biti moja iliyogeuka na kutangaza zikigeuka mbili. Huo ni utenzi wenye mizani nane uliotafsiriwa katika umeme, ila wenyewe unaweza pia kurudisha neno lililopotea. Gharama yake ni chipu moja ya ziada kwa kila nane, na uamuzi wa kuiondoa katika kompyuta za watu wa kawaida, kwa hoja kwamba kazi zao si nzito, ni uamuzi wa biashara uliovishwa vazi la uhandisi. Picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu ya mwanafunzi hazina uzito mdogo kwa wenyewe. DDR5, kizazi kilichofuata, imeleta usahihishaji ndani ya chipu, jambo jema, lakini usahihishaji huo hauilindi safari ya data kutoka chipu hadi prosesa, na kwa kawaida haumwambii mtu kuwa umefanyika. Kwa hiyo dalili ya awali ya ubovu, ambayo ndiyo iliyokuwa na thamani kwa mchunguzi, inafichwa badala ya kutolewa.

Moduli ikibainika kuwa mbovu, kuibadilisha ni kazi ya dakika mbili, na watengenezaji wengi huipokea chini ya dhamana, mara nyingi wakitaka seti irudishwe nzima hata kama mbovu ni moja. Kinachobaki ni faili zote zilizopita humo wakati wa ugonjwa, zilizohamishwa, kuhaririwa na kunakiliwa hadi katika diski za akiba, ambako nakala yenye kosa imekaa kwa uaminifu ule ule wa nakala iliyo sahihi. Zilizobanwa zinaweza kujaribiwa, kwa kuwa hubeba hesabu yao. Picha nyingi na maandishi matupu hayana hesabu hiyo, na mwenyewe atayakuta yalivyo siku atakayoyafungua.

Moduli iliyotolewa nayo haitupwi mara moja. Huingia katika droo, kutoka droo huingia katika kompyuta ya mdogo wake mtu, au katika soko la vifaa vya mtumba, ambako kosa la biti moja halijulikani mpaka usiku wa mtu mwingine. Aliyekwisha kuithibitisha kuwa mbovu aichore alama ya msalaba kwa kalamu ya wino usiofutika kabla hajaitoa mkononi, kwa sababu kwa macho moduli mbovu na moduli nzima ni sawasawa.